Mwizi Aliyeacha Gitaa Ghali

Chumba cha mbele cha Bi Solo kilikuwa na magitaa mawili, na mwizi alichukua lile baya.

Jambo hilo ndilo lililomrudisha Inspekta kwenye nyumba ile, ingawa jalada lilikuwa limeshanona na mtuhumiwa alikuwa mahabusu. Gitaa lililobaki lilisimama kwenye kiegemeo chake kando ya televisheni, zawadi ya chama cha wanamuziki, jekundu, linang'aa kama gari la bwana harusi. Lililoibwa lilikuwa la plaiwudi. Lilitengenezwa na kiwanda cha samani katika nchi ya mbali, kiwanda kilichokufa kabla Inspekta hajaanza shule, na kibandiko cha jina lake kilibanduka zamani. Nyumbani waliliita Kabati.

"Nieleze tena kuhusu mkwe wako, mama," alisema Inspekta.

"Nimeshaeleza, mwanangu." Bi Solo alikuwa mzee mwenye vidole virefu na maneno mafupi. Miaka mingi alipiga gitaa la solo katika bendi ambayo watu walikwenda kumcheka mwanamke aliyebeba gitaa, wakarudi makwao wanapiga mbinja nyimbo zake. "Alisema mbele za watu atalitia moto. Aliliita ubao wa kukatia vitunguu. Na ufunguo anajua unapokaa."

"Unakaa wapi?"

"Chini ya chungu cha maua."

"Nani mwingine anajua?"

"Kila aliyewahi kuja akanikosa."

Koplo, askari wa kike aliyekuwa akipima upana wa mlango kwa futi ya fundi nguo, alikohoa ili asicheke.

Ushahidi dhidi ya mkwe ulikuwa wa kawaida, na wa kawaida ndio unaofunga watu. Alikuwa dereva wa lori. Siku ya wizi, Bi Solo akiwa kliniki kupima presha, jirani aliona lori lake limesimama nje. Jioni yake, nyuma ya kiti cha lori hilo, polisi walikuta kasha la Kabati. Tupu. Mkwe alisema sentensi mbili tu: kasha nimechukua mimi, gitaa silijui. Baada ya hapo alifunga mdomo kama mtu aliyeweka maji kinywani.

Binti wa Bi Solo, mke wa dereva huyo, alisimama mlangoni na mfuko wa nguo zilizofuliwa. "Mama, kesho asubuhi anapandishwa kizimbani kwa neno lako. Tajiri wake kashasema, dereva mwenye kesi ya wizi hashiki usukani wake. Hizi ni nguo za kwendea mahakamani. Umpelekee wewe."

"Aniletee Kabati, nitampelekea na soksi."

Inspekta alifungua ukurasa mpya wa daftari. Ugomvi wa mama na mwana hauna nafasi katika jalada. "Gitaa lina alama gani, mama? Za nje na za ndani."

Za nje zilikuwa nyingi: rangi ya machungwa iliyofifia pembeni, ufa kwenye bega, swichi za kubonyeza kama za redio ya zamani. Koplo aliandika zote. Inspekta alijua kwamba mwizi naye ana macho, na zote zingefutika.

"Na za ndani?"

Kwa mara ya kwanza Bi Solo alitabasamu. "Ndani mna pasi yangu."

"Pasi?"

"Kabati lilikata sauti, kesho yake tuna dansi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio, lakini siku hiyo nyaya zilikuwa zimemwishia. Nikatoka kwenda sokoni. Kurudi, pasi yangu haina mkia. Ule waya wa zamani uliovikwa kitambaa, madoadoa meusi na meupe kama kanga wa porini. Tulinuniana mpaka majirani wakatuletea ya kwao."

"Na gitaa likapona?"

"Lilipona likiwa na mafua. Ukiwasha swichi zote mbili, linaimba kwa puani. Bendi nzima ikataka lifunguliwe upya. Nikawaambia, atakayeligusa nitampasulia lile jingine kichwani." Alifuta meza isiyokuwa na vumbi. "Nyimbo zangu zote ulizowahi kusikia ni hiyo pua."

Inspekta hakuwahi kusikia hata mmoja, lakini hakuona sababu ya kulisema hilo.

*

Kituoni aliomba kasha. Aliliweka juu ya meza, akavuta taa karibu, akalizunguka kama daktari anayemzunguka mgonjwa asiyejieleza. Ngozi ya nje ilikuwa imechakaa, pembe zimeota nyuzi. Lakini vifungio viling'aa, na ribiti zake, ile misumari midogo inayovishikilia, zilikuwa bado hazijachubuka.

Alikwenda nalo mahabusu. Mkwe alikuwa mtu mpana, amekaa chini na kuegemea ukuta, viatu havina kamba.

"Vifungio hivi ni vipya," alisema Inspekta.

Mkwe alitazama pembeni.

"Nimewakamata wezi wengi wa kuku. Sijaona hata mmoja aliyemjengea kuku banda."

"Afande, niache nifungwe."

"Nitakuacha ukishanijibu. Nani aligonga ribiti hizi?"

Mkwe alijikuna shingo kwa muda mrefu. "Vya zamani vilikufa. Mama alikuwa anafunga kasha kwa mkanda wa suruali ya marehemu. Mtu mzima yule, heshima yake yote, anapita barabarani na kasha limefungwa mkanda! Nikasema nichukue kasha nimtengenezee kimyakimya. Gitaa nililiacha kwenye kiti, nimelifunika na taulo. Nimerudi, nyumba imejaa watu, na mama ameshaninyooshea kidole."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mimi niliyetangaza kwamba nitalitia moto, niseme nilikuwa naandaa zawadi?"

"Ndiyo. Useme hivyo hivyo."

"Kwa mama mkwe?" Alimtazama Inspekta kwa mshangao wa kweli. "Afadhali jela."

Koplo alisubiri mpaka walipofika kwenye korido. "Unamwamini, afande?"

"Ninaamini ribiti. Kama kasha lilitoka bila gitaa, gitaa lilitoka bila kasha. Basi vilitoka kwa mikono tofauti. Mtu wa pili alikuta kiti, taulo na magitaa mawili, akachagua. Asiyejua chochote angebeba linalong'aa. Anayejua bei angebeba linalong'aa pia."

"Kwa hiyo tunamtafuta nani?"

"Mtu wa namna ya tatu. Bado sijui ni wa namna gani."

*

Koplo alijua pa kwenda kuuliza. Nyuma ya duka la kushona viatu kulikuwa na karakana ya mzee aliyewahi kufundisha fizikia, na ambaye tangu alipostaafu alifundisha yeyote aliyekosea kuingia mlango wake. Waliomjua walimwita Mwalimu. Alikuwa na sifa ya kujisifu, lakini ukimwachia ajisifu alikuwa hadanganyi.

Ukuta wake ulijaa magitaa, na hakuna hata moja lililofanana na magitaa ya kwenye televisheni. Moja lilivikwa plastiki ya lulu kama kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma. Moja lilikuwa na mgongo wa kijani na matobo ya umbo la majani. Jingine lilikuwa na swichi nyingi kuliko kibao cha umeme cha hoteli, na nusu yake, alisema Mwalimu kwa fahari, hazijawahi kujulikana zinafanya nini.

"Haya yote yalikuwa ya bei poa?" aliuliza Inspekta.

"Bei poa kabisa. Kijana anataka gitaa la nyota anayemwona kwenye picha, baba yake anamnunulia hili, kijana analia." Mwalimu alishusha lile la lulu akalipangusa kwa kiwiko. "Sasa tazama hapa. Viwanda vilivyoyatengeneza vilikuwa vya makabati, vya redio, vya kodiani. Mabosi wakawaambia mafundi: vijana wanataka magitaa, tengenezeni. Wale mafundi hawajui gitaa! Hakuna aliyewaambia kipi hakiruhusiwi. Kwa hiyo wakajaribu kila kitu. Huyu kaweka plastiki aliyoizoea. Huyu kaweka swichi za redio kwa kuwa zilibaki ghalani. Gitaa ghali limeshaamua litasikika vipi, wewe unalitii. Haya bado yanabishana nawe."

"Na ubora wake?"

"Mabovu. Shingo zinapinda, nyuzi zinakimbia. Hata sumaku zake za kunasa sauti hawakuzizamisha kwenye nta, zinadaka hata pumzi. Koplo, hebu liinamie, sema neno kwenye nyuzi."

Koplo aliinama juu ya gitaa lililochomekwa kwenye spika. "Afande, tunywe chai," alinong'ona, na spika iliyokuwa upande wa pili wa karakana ikaomba chai kwa sauti ya mtu aliye ndani ya debe.

Wote watatu walicheka, hata Inspekta, kwa kiasi. Kisha macho yake yalisimama kwenye kona. Pale palining'inia gitaa la rangi ya machungwa iliyofifia pembeni, lenye swichi za redio.

"Lile ulilipata wapi?"

"Nilikuwa nahesabu utaliona lini," alisema Mwalimu. Hakuonyesha hofu. "Ni pacha wa Kabati. Nimelinunua kwa mjane wa mpiga besi, na mjane yupo, muulize. Lakini huna haja. Njoo usikilize."

Alilichomeka. Akabonyeza swichi ya kwanza, akapiga. Ya pili, akapiga. Kisha zote mbili pamoja. Sauti ilitoka nene, ya kujaa, kama uji ulioiva. Halafu akawasha kinanda cha santuri na kuweka sahani ya zamani. Bendi ikaingia, wapuliza tarumbeta wakatoa njia, na solo la Bi Solo likapita katikati: jembamba, lenye kukwaruza kidogo, la puani, kama mtu anayekwambia siri huku amekasirika.

Nyumbani kwa Inspekta sikio lake lilikuwa kichekesho cha familia. Wimbo wa taifa aliutambua kwa kuona watu wanasimama. Lakini tofauti ile aliisikia. Aliomba sahani irudiwe, na iliporudiwa alisahau kuandika.

"Nipe sababu," alisema hatimaye. "Kwa fizikia."

"Sumaku mbili, kila moja na koili yake, waya uliozungushwa. Ukiziwasha pamoja zinasukuma upande mmoja, kama watu wawili nyuma ya gari lililokwama. Marehemu aliunga koili moja kinyume. Sasa mmoja anasukuma, mwenzake anavuta. Wanapokubaliana wanafutana. Kinachobaki kwenye spika ni yale tu wasiyokubaliana." Mwalimu aliinua sindano ya santuri taratibu. "Fundi mzuri angeona kosa lile akalisahihisha. Bahati ya dunia, mkewe alimkatalia kila fundi mzuri."

"Aliyeiba anaweza kuzirudisha nyaya zilivyokuwa?"

"Kwa bisibisi moja, na chai isipoe."

"Basi hatutalijua tena."

"Inspekta, nani anaiba chumvi halafu anaiosha?"

Inspekta aliacha kalamu. Alitazama ukuta mzima, kuanzia la lulu hadi la kona, kama mtu anayeona mashahidi waliokuwepo siku zote. "Mtu wa namna ya tatu," alimwambia Koplo. "Atabadilisha kila kinachoonekana. Kinachosikika hatathubutu kukigusa." Akamgeukia Mwalimu. "Pua hii umeisikia popote karibuni?"

"Redioni, juzi. Tangazo la sabuni. Nikafurahi, nikadhani Bi Solo amerudi kazini."

*

Koplo alipiga simu redioni. Muziki wa sabuni ulitoka kwenye studio ya mtu aliyeitwa Sikio, mrekodi hodari kuliko wote mjini, ambaye nusu ya bendi zilimwogopa kwa kuwa alisikia makosa yao kabla hawajayafanya. Bi Solo, alipoulizwa kwa simu, alisema anamjua sana. "Alikuja mara nyingi kuniomba nimuuzie Kabati. Mara nyingine hakunikuta, akaniachia ujumbe mlangoni. Kijana mstaarabu. Nilimwambia anisubiri nife."

Walikwenda na Mwalimu, ili kama kuna cha kufungua kifunguliwe na mkono unaojua. Sikio aliwapokea na vipokea sauti vikining'inia shingoni. Kuta zilivikwa magodoro, na maneno yalidondoka miguuni bila mwangwi. Gitaa lilikuwa hadharani, kwenye kiti. Lilikuwa jeusi tii, lina vifundo vipya vya fedha na ua lililochorwa pale ambapo jina la kiwanda lingekaa.

"Zuri," alisema Inspekta. "La zamani?"

"La zamani sana. Niliagiza nje, miaka imepita."

Koplo alisogeza pua. "Miaka yenu hapa inanukia rangi mbichi, kaka."

"Nililipaka upya juzi," alisema Sikio haraka. "Nje tu."

"Nje tu," Inspekta alirudia. "Na ndani? Liliwahi kufunguliwa?"

"Kamwe. Sikubali mtu atie mkono. Skrubu ni zile zile za kiwandani, na nyaya ni za kiwandani. Ndiyo thamani yake."

"Una hakika na nyaya?"

"Afande, mimi ndiye mwenye mali."

"Koplo, umesikia?"

"Nimesikia na nimeandika."

"Tupigie basi. Swichi zote mbili."

Sikio alisita, na kusita kwake kulionekana na wote. Lakini mpiga gitaa aliyeombwa apige ni kama mtoto aliyeombwa aonyeshe jino jipya. Alikaa, akabonyeza swichi, akapiga. Pua ile ikajaza chumba. Mwalimu alifumba macho. Sikio naye alikuwa ameyafumba, na kwa muda kidogo hapakuwa na kesi mle ndani.

"Inatosha," alisema Inspekta, na hakulisema haraka. "Kabla halijafunguliwa nataka wote msikie, ili kesho asije mtu akasema niliona kwanza nikasema baadaye. Mwenye nyumba hii anasema ndani mna nyaya za kiwandani. Bi Solo anasema mna kipande cha waya wa pasi, kimevikwa kitambaa, madoadoa meusi na meupe. Mmoja wao anasema kweli. Mwalimu, fungua."

Skrubu zilitoka moja moja. Mwalimu aliinua kibao, akainamisha gitaa kwenye mwanga. Chini ya rangi nyeusi, chini ya vifundo vya fedha, palikuwa na vumbi la miaka, matone makubwa ya risasi ya kuchomea, na katikati yake, umejikunja kama ulivyokunjwa na mume mwenye haraka, waya wa madoadoa.

"Kanga wa porini," alisema Koplo.

Sikio alikaa kwenye sakafu. Hakukimbia wala hakubisha. Maelezo aliyoyatoa yalikuwa mafupi na yalilingana na kila kilichokuwa kwenye jalada: alikwenda kuomba tena, hakumkuta mwenyeji, akajua chungu kilipo. Aliingia alipige mara moja tu. Kasha hakuliona, akalifunga gitaa kwa koti lake la mvua.

"Ulijua kwamba kuna mtu yuko ndani kwa ajili yako?"

"Nilisikia."

"Baba wa watoto."

"Nilisikia, afande."

Inspekta alielekeza kalamu kwenye tumbo la gitaa.

"Ungeutoa waya huu," alisema Inspekta, "ukaweka wowote mwingine, leo tusingekuwa hapa."

Sikio alimtazama. "Ungeutoa wewe?"

Koplo alisubiri jibu kwa hamu kuliko mtuhumiwa. Inspekta aliutazama waya wa madoadoa kwa muda ambao maelezo ya polisi hayana mahali pa kuuandika.

"Hapana," alisema. "Nyosha mikono."

*

Gitaa lilipigwa picha mbele na nyuma na tumboni, likaandikiwa nambari ya kielelezo, kisha Bi Solo akakabidhiwa alitunze mpaka mahakama itakapoliitisha. Alilipokea kaunta, akalipitishia vidole kwenye weusi mpya.

"Wamelivisha msiba," alisema. "Ndani?"

"Ndani hapakuguswa na mtu."

Aliitikia kwa kichwa. Binti yake alikuwa benchini na mfuko wa nguo, anatazama mlango wa mahabusu. Mlango ulifunguka na mkwe akatoka, kamba za viatu mkononi. Alipomwona mama mkwe aliinamisha macho, akasimama mbali kama inavyompasa.

Inspekta aliweka kasha juu ya kaunta. Hakueleza kitu, kwa kuwa maelezo yote yalikuwa yamegongwa kwa ribiti. Bi Solo alilitazama. Alifunga kifungio cha kwanza, kikalia tik. Akakifungua, akakifunga tena. Akafanya hivyo kwa cha pili, polepole, kama anayejaribu noti ya wimbo.

"Vinakaza," alisema bila kumgeukia mtu. "Fundi nani huyu?"

"Mwenyewe, mama," alisema mkwe, akizungumza na sakafu.

Bi Solo alilaza Kabati ndani, akafunika, akafunga vyote viwili. Aliusukuma mpini wa kasha upande aliosimama mkwe.

"Basi libebe wewe," alisema. "Polepole. Hilo si ubao wa vitunguu."